Nani Alipewa Kazi? Somo Kutoka kwa Klabu za Wasichana wa Chuo

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Nakuru. Tumeombwa tuyaandike ili na wale ambao hawakufika wayasome katika vikundi vyao.)



Kikundi chetu kimetutuma watu wawili, na tutazungumza kwa kupokezana. Sababu ya kuja wawili mtaisikia mbele kidogo.

Tumekuja kuzungumza juu ya klabu. Tafadhali wazee msishtuke. Hatusemi ile klabu ya pombe pale sokoni. Tunasema klabu za wanafunzi, hasa zile za shule na vyuo vya wasichana vinavyoendeshwa na masista. Mtauliza, sisi watu wa jembe na mbuzi tuna haja gani na mambo ya wanafunzi? Hebu tuwaeleze jinsi tulivyofika hapo.

AIBU YETU WENYEWE

Msimu mmoja wa mvua ndefu kikundi chetu kilipata miche ya miti. Tulichimba mashimo kando ya shule na kando ya njia ya kwenda mtoni. Siku ya kupanda ilikuwa sherehe. Wageni walikuja, tukaimba, tukapiga picha, chai ikanywewa. Katika kitabu cha mikutano tukaandika: "Kikundi kitatunza miti."

Miezi mitatu baadaye tulikwenda kuangalia. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikaushwa na jua, mingine hata alama ya shimo haikuonekana. Basi katika mkutano tukaanza kulaumiana. Huyu alisema ni mvua, yule akasema ni mwenye mbuzi, mwingine akasema ni mwenyekiti.

Siku hiyo binti wa mmoja wetu alikuwa amekuja kumsaidia mama yake kugawa chai. Alikuwa likizo, kutoka chuo cha masista anakosoma. Akaomba ruhusa ya kusema, akasimama kwa adabu: "Mama zangu, naomba kuuliza tu. Nani alipewa kazi ya kunyunyizia maji?"

Kimya. Tukafungua kitabu. Pameandikwa "kikundi". Jina la mtu halipo hata moja.

Mmoja wetu akajibu kwa hasira, "Mtoto hamfundishi mama yake kupika!" Tukacheka wote. Binti akanyamaza, akakusanya vikombe. Mkutano uliofuata hakuja.

Tunasema haya mbele yenu kwa sababu tulipoteza miti, halafu karibu tumpoteze na yule aliyetuonyesha kwa nini tuliipoteza. Baadaye dhamira zilitusumbua. Wawili wetu tukaenda nyumbani kwao tukamwambia, "Mama, tusamehe. Lile swali ulilotuuliza, ulijifunza wapi?" Akasema, "Kwenye klabu."

KLABU NI SHULE YA PILI

Akatueleza kwamba masomo yakiisha jioni, au siku ya Jumamosi, wanafunzi hukutana katika klabu zao. Kuna kwaya. Kuna ya mijadala. Kuna ya maigizo. Kuna ya wanyama wa porini, kwa maana klabu za namna hiyo zimekuwa katika shule za Kenya tangu mwaka wa 1968. Kuna Msalaba Mwekundu. Kuna Y.C.S., yaani chama cha wanafunzi vijana Wakristo. Kuna Lejio ya Maria. (Hiyo ni Lejio iliyo ndani ya Kanisa Katoliki. Msichanganye na lile kanisa linaloitwa Legio Maria, lililojitenga miaka ya 1960.)

Sisi tulidhani klabu ni mchezo tu wa kupitisha wakati. Lakini sikilizeni mambo ambayo msichana wa miaka kumi na tisa anajifunza mle. Anajifunza kuongoza mkutano na kuumaliza kwa saa iliyopangwa. Anajifunza kuandika kumbukumbu. Anajifunza kushika pesa za wenzake na kuonyesha daftari mbele yao. Anajifunza kuandika barua ya kuomba msaada ofisini. Anajifunza kusimama katika uchaguzi, kushindwa, na kubaki mwanachama mwema. Ndugu zangu, hili la mwisho hata sisi wazee limetushinda! Ni vikundi vingapi vimevunjika kwa sababu aliyeshindwa aliondoka na nusu ya watu?

Halafu msichana huyu anakuja likizo, na sisi tunampa kazi ya kugawa chai.

KAZI YA WIKI NA RIPOTI YA WIKI

Kati ya klabu hizo zote, tulichagua mbili tuzichunguze vizuri, maana ndizo zenye dawa ya ugonjwa wetu.

Ya kwanza ni Lejio ya Maria. Ilianza Dublin, nchini Ireland, tarehe 7 Septemba 1921. Aliyeianzisha ni Frank Duff, mtu wa kawaida, si padri, pamoja na kikundi kidogo cha wanawake. Kwetu Afrika ya Mashariki ililetwa mwaka wa 1936 na dada mmoja wa Ireland aitwaye Edel Quinn. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, lakini alizunguka katika nchi zetu akianzisha vikundi mpaka nguvu zikamwishia. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, na huko Nairobi ndiko alikozikwa.

Mkutano wa Lejio ni wa kila wiki. Wanasali, wanasoma kumbukumbu za wiki iliyopita, halafu inakuja sehemu ambayo sisi tunaitaka. Kila mwanachama anaitwa kwa jina na kuulizwa: ile kazi uliyopewa, uliifanyaje? Labda alitumwa kumtembelea mgonjwa, au mjane, au familia iliyoacha kuja kanisani. Anasimama na kueleza. Wenzake wanasikiliza na kumshauri. Kisha anapewa kazi ya wiki inayokuja. Na kwa kawaida hawatumwi mmoja mmoja, bali wawili wawili, kama vile Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi wake.

Sasa mmejua kwa nini sisi tumekuja wawili. Mmoja akisahau, wa pili anamkumbusha. Mmoja akiugua, wa pili anaendelea. Na mmoja akitaka kudanganya katika ripoti, wa pili yuko hapo amekaa!

ONA, AMUA, TENDA

Ya pili ni Y.C.S. Njia yake ya kufanya kazi ni maneno matatu ambayo watoto wetu wanayaimba shuleni: Ona, Amua, Tenda. Njia hii ilitoka kwa padri mmoja wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka wa 1925. Aliona vijana wa viwandani wanateseka, akaona haitoshi kuwahubiria tu. Aliwafundisha kuangalia maisha yao wenyewe, kuyapima kwa Injili, na kufanya jambo. Mwaka wa 1961 Papa Yohane wa 23 aliitaja njia hiyo kwa sifa katika barua yake kwa Kanisa lote.

Tuchukue ile miti yetu. KUONA ni kutembea njia nzima ya mtoni, kuhesabu mashimo, na kuuliza kila shimo: huu uliliwa au ulikauka? Sisi hatukuona. Tulikaa kwenye viti tukakisia. KUAMUA ni kuuliza chanzo ni nini, na Mungu anatutaka tufanye nini kwa ardhi aliyotupa. KUTENDA ni kutaja kazi, mtu na siku. Sisi tuliruka hatua mbili za kwanza, na ya tatu tukaiandika bila jina.

BINTI ALIYELELEWA NAKURU

Mzee mmoja alituuliza, "Haya mambo ya klabu yamewahi kumfikisha nani mahali?" Tukamjibu kwa habari ya mtu ambaye ninyi nyote mnamjua kwa jina: marehemu Profesa Wangari Maathai.

Wengi wanajua alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Wachache wanajua kwamba utoto wake wa kwanza aliupitia hapa kwetu. Baba yake alifanya kazi ya udereva na ufundi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, na familia iliishi hapo kama watu wengine wa mashamba. Mwaka wa 1947 mama yake alirudi naye Nyeri, na huko akaanza shule.

Alipofika miaka kumi na moja alipelekwa bweni katika shule ya St. Cecilia, misheni ya Mathari, kwa masista Wakonsolata kutoka Italia. Huko ndiko alikojiunga na Lejio ya Maria. Kutoka hapo alikwenda Loreto Limuru, akamaliza mwaka wa 1959. Mwaka wa 1960 alikuwa kati ya vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani katika mpango wa Tom Mboya. Alipelekwa mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kwenye chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto kiitwacho Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, akamaliza mwaka wa 1964. (Chuo hicho kiliunganishwa na cha wavulana mwaka wa 1971, na sasa kinaitwa Benedictine College.) Kwa hivyo tangu miaka kumi na moja mpaka ishirini na minne, huyu mama alilelewa katika shule na vyuo vya masista.

Aliporudi Kenya alisoma zaidi, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Lakini angalieni alichokifanya alipoingia katika Baraza la Kitaifa la Wanawake. Hakuanza na jibu. Alisikiliza kwanza. Wanawake wa vijijini walisema kuni hazipatikani, maji safi hayapatikani, chakula cha kujenga mwili kimepungua. Aliona mambo haya yote yana mzizi mmoja: miti imekatwa. Basi tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mwaka huohuo miti ilipandwa pia hapa Naivasha, katika shamba la ushirika wa wanawake. Ndiyo mwanzo wa Green Belt Movement.

Na sasa sikilizeni vizuri. Ile miti saba ya Kamukunji, mingi ilikufa. Naam, hata yake! Kwa hivyo akina mama wenzangu mliopata aibu kama sisi, msife moyo. Yeye na wenzake walijifunza. Kikundi kilichotaka kusaidiwa kilipewa utaratibu wa kufuata hatua kwa hatua, kikawa kinaleta ripoti ya miche yake. Na yale malipo madogo, senti chache tu, yalitolewa kwa mche uliopona, si kwa mche uliopandwa. Mtu wa kupanda ni mwingi. Mtu wa kurudi na kuangalia ndiye adimu.

Maofisa wa misitu walisema wanawake wasiosoma hawawezi kazi ya miti. Wanawake wakaotesha mbegu kwa njia zao, hata katika vyungu vilivyovunjika. Kufikia mwaka wa 2004, Profesa Wangari alipopewa tuzo ya Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, vikundi hivyo vilikuwa vimepanda zaidi ya miti milioni 30. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, lakini kazi inaendelea.

Hatusemi kwamba Lejio ndiyo iliyopanda miti hiyo. Tunasema hivi: msichana akizoea tangu utotoni kupewa kazi kwa jina na kutoa ripoti, hata akiwa mtu mzima hawezi kuridhika na sherehe na picha.

TULIVYOBADILIKA SISI

Tulinunua kitabu kipya. Yule binti akakichora mistari, ikawa sehemu nne: kazi, majina mawili, siku ya mwisho, ripoti. Tulipopanda tena, kila watu wawili walipewa miti iliyo karibu na nyumba zao. Siku ya mkutano tunaanza na sala, halafu ripoti, ndipo mambo mapya yaingie. Zamani tulianza na mambo mapya, na ya zamani tukayasahau.

Msidhani kila kitu ni kizuri sasa. Wawili wetu walisimama wakasema, "Hatukufanya." Tulikubaliana kwamba hiyo pia ni ripoti, na mtu asichekwe. Wengine wawili walisema miti yao inaliwa na mchwa, mama mwingine akawafundisha kutumia majivu. Kama wangeficha, nani angewasaidia?

Likizo ilipoisha binti alirudi chuoni. Tuliogopa kazi italala. Lakini kabla hajaondoka alimfundisha msichana mwingine, ambaye hakupata karo ya kuendelea na shule. Huyu alikuwa anakaa nyumbani tu, watu wanasema ameshindwa na maisha. Leo ndiye mwandishi wetu msaidizi.

Na tutawaambia alichotufanyia. Mwaka jana palikuwa na manung'uniko kwamba mweka hazina amekula pesa. Pesa zilipungua kweli, na mama wa watu alikuwa tayari kujiuzulu kwa uchungu. Msichana huyu alikaa na daftari na risiti siku mbili. Akakuta kwamba waya za kuzungushia kitalu zililipiwa, risiti ipo, lakini haikuandikwa. Hesabu ikatimia. Mama yule alilia mbele yetu, na sisi tukamwomba radhi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza: na jina jema la mtu pia huisha hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la maana kwetu sisi watu wa Nakuru. Wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, ina watu wa kila kabila, na mnakumbuka machungu ya 1992 na ya 2008. Katika klabu za wanafunzi, Mkikuyu hutumwa kazi pamoja na Mkalenjin, Mluhya na Mkisii, Mturkana na Mluo. Nasi tukaamua wawili wetu wasiwe ndugu wa boma moja. Anayenyunyizia maji mti wa jirani yake wiki baada ya wiki, ni vigumu kumchomea nyumba.

WANAOPINGA WANASEMAJE

Wengine wanasema, "Mkiwapa wasichana nafasi hawatatuheshimu." Sisi tumeona kinyume. Yule binti alituuliza akiwa amesimama na ameomba ruhusa. Aliyekosa heshima siku ile si yeye.

Wengine wanasema, "Wataolewa waende." Sawa, waende. Wataenda na ujuzi huo kijiji kingine, na sisi tutapata wake za watoto wetu wanaotoka kwingine na ujuzi wao. Cha muhimu ni aliyejua amfundishe mwingine kabla hajaondoka.

Wengine wanasema, "Hayo ni mambo ya Wakatoliki." Sala ya Lejio ni ya Lejio. Lakini kutaja jina la mtu na siku ya kazi si dini ya mtu yeyote. Katika kikundi chetu wamo wa makanisa mengine, na hakuna aliyelalamika.

MAMBO YA KUFANYA MKIFIKA NYUMBANI

1. Fungueni kitabu chenu cha mikutano. Hesabuni ni mara ngapi pameandikwa "kikundi kitafanya" bila jina.
2. Kila kazi ipewe watu wawili na siku ya mwisho.
3. Mkutano uanze na ripoti. Asiyefanya aseme, na asichekwe.
4. Likizo ikifika, waiteni wanafunzi wenu, wavulana na wasichana. Waulizeni wanafanya nini katika klabu zao, kisha wapeni kazi moja ya kweli.
5. Kila anayejua kuandika hesabu amfundishe mmoja asiyejua, hasa yule aliyekosa karo.

MASWALI YA KUJADILIANA

Ni kazi gani tuliyoianza kwa sherehe ikafia njiani? Nani alipewa kuiangalia? Je, kuna kijana tuliyemnyamazisha katika mkutano wetu? Ni nani atakayekwenda kumwona, na lini?

Ndugu zetu, hilo swali la mwisho msilijibu kwa kusema "kikundi kitakwenda". Tajeni majina mawili.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.